Pamfleti Mbili na Moyo wa Kolekole

Karatasi ikitoka kwenye mashine ya kutolea kopi, kabla haijapoa, ina harufu yake. Ni kama harufu ya shati lililokawia kidogo chini ya pasi, ikichanganyika na unga wa wino. Juzi nilipita steshenari moja hapa Tanga mjini kutoa kopi ya cheti, na mhudumu aliponikabidhi karatasi zangu zikiwa bado na joto, nikajikuta nimezipeleka puani mbele za watu. Yule dada akanitazama kama anayetaka kuuliza kitu, kisha akaghairi. Yeye sikumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa kidato cha nne, katika shule ya kata kule Mwera, upande wa Pangani. Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuwa amehamishwa mwanzoni mwa mwaka na wa kuziba nafasi yake hakuwa amekuja. Tulikuwa tukijisomea wenyewe: mmoja anasimama mbele na daftari la dada yake aliyemaliza zamani, wengine tunaandika anachosoma, makosa na yote. Na mtihani wa taifa ulikuwa unakuja. Baba alikwishafariki nikiwa mdogo. Mama, aliyekuwa akikaanga samaki na kuuza pale senta, alinieleza mambo yalivyo bila kunificha: nikifaulu nitaendelea na masomo, nisipofaulu nitakwenda Mkwaja kwa shangazi kumsaidia kwenye mgahawa wake. Shangazi alikuwa mtu mwema sana, lakini alikuwa akiongea tangu anapoamka mpaka anapolala, na mimi nilikuwa mtu wa kukaa kimya na kutazama vitu. Niliogopa Mkwaja kuliko mtihani wenyewe.

Likizo ya mwezi wa sita Mama akanipeleka mjini kwa kaka yake, Mjomba Bakari, fundi wa mafriji aliyekuwa akikaa Mabawa. Mjomba akanichukua hadi steshenari iliyokuwa jirani na kwake, chumba kimoja chembamba chenye mashine iliyokuwa ikinguruma mfululizo, na harufu ile ikiwa imetanda mpaka barabarani.

"Chagua kitu cha kukusaidia, Mishi," akaniambia. "Kimoja tu, na ukichague weye mwenyewe. Mie nilisoma zamani, sijui siku hizi mnasomeshwa nini."

Sikuwahi kuchagua kitabu maishani mwangu. Vitabu vilikuwa ni vitu unavyopewa, mkiwa watu watano, na kurasa za katikati zimechanika. Mwenye duka akanipangia mezani. Kulikuwa na rundo la mitihani ya miaka iliyopita, maswali matupu, limebanwa kwa waya mweusi. Kulikuwa na kitabu cha kiada, kinene, michoro mingi, maelezo marefu. Na kulikuwa na pamfleti ya jalada la bluu, yenye picha ya kijana aliyevaa joho akicheka, na juu yake imeandikwa kwamba ndani mna maswali yote na majibu yote.

Nilikizungusha kile kitabu kinene mikononi, nikakirudisha. Maswali matupu nayo nikayarudisha haraka, maana maswali nilikuwa nayo mengi tayari. Nilikuwa na njaa ya majibu. Nikaikumbatia ile ya bluu. Mjomba akauliza mara mbili kama nina hakika, nikasema ninayo, na njia nzima ya kurudi Mwera niliisoma mpaka kichwa kikauma.

Shule ilipofunguliwa, wasichana wa kidato cha nne tukaingia kambini, yaani tukahamishia magodoro kwenye darasa moja tulale hapo hapo tukijisomea. Jirani yangu wa dawati na sasa wa godoro alikuwa Niwaeli. Baba yake alikuwa mkata mkonge aliyekuja kutoka Upare akaoa na kuzalia pale pale shambani. Jumapili Niwaeli aliimba kwaya kwa Walutheri, na mwezi wa Ramadhani alikuwa hakosi kwetu saa ya futari, mpaka Mama akawa anamtengea sahani yake. Naye alirudi na pamfleti, kaka yake amemletea kutoka Muheza. Ya kwake ilikuwa ya kijani, haina picha yoyote, na imechapwa kwa herufi ndogo ndogo kama sisimizi.

Alasiri ya kwanza tukaanza kuulizana maswali. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, sisi tukibishana kwa Kiswahili. Nikasoma swali: moyo wa samaki una vyumba vingapi? Nikajijibu mwenyewe kwa sauti ya mwalimu: vitatu.

"Viwili," akasema Niwaeli.

"Vitatu. Hii hapa imeandikwa."

"Na hapa imeandikwa viwili."

Tukaziweka pamfleti sakafuni, ukurasa kwa ukurasa, na wenzetu wakajazana juu yetu. Kweli bwana. Ya bluu vitatu, ya kijani viwili. Kwanza tukacheka. Kisha wakaanza kuchagua pande, na kabla ya chakula cha jioni darasa lilikuwa limegawanyika Bluu na Kijani kama mashabiki wa mpira, watu ambao jana yake hawakujua samaki ana moyo au hana.

Mimi kicheko kilikuwa kimenikauka. Hadi siku ile sikujua kwamba maandishi ya chapa yanaweza kukosea. Nilidhani kitu kikishapigwa chapa, kuna mtu mahali fulani amekihakikisha, labda serikali. Nikaanza kuzilinganisha zile pamfleti swali kwa swali, na nikaona zinapopishana si hapo tu. Lipi basi nikariri? Lakini nikiri pia kwamba chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine, kinatekenya. Nilitaka kujua. Si kwa ajili ya mtihani. Nilitaka tu kujua moyo wa samaki ukoje.

Jumamosi tukapewa ruhusa ya kwenda majumbani kufua. Nikaenda na Niwaeli moja kwa moja hadi kwa Mama, aliyekuwa akisafisha samaki nyuma ya nyumba.

"Mama, tunaomba mioyo ya samaki."

Kisu kikasimama. "Mioyo? Mwanangu, mwataka kumroga nani?"

Tulipomweleza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko. "Miaka yote mie natoa matumbo natupia paka. Sijapata kuuangalia moyo hata mmoja." Lakini akaacha vibua aliokuwa nao, akavuta kolekole mmoja mkubwa aliyeletewa kutoka Pangani asubuhi ile, akampasua chini ya koo taratibu kuliko kawaida yake, na akatutolea kitu kidogo chekundu akakiweka kwenye kifuniko cha sufuria.

Tukakiinamia wote watatu. Nilikuwa nimetegemea kitu kama mchoro, mistari na mishale. Nilichokiona kilikuwa kizuri zaidi na kisichoeleweka. Palikuwa na kinundu cheupe kigumu mbele, kama kitunguu saumu kidogo. Nyuma yake kipande chekundu cha pembe tatu, kigumu. Juu ya hicho, kifuko laini cheusi cheusi kilicholegea. Na nyuma kabisa kijifuko kingine, chembamba kama utando wa yai. Niwaeli akachukua wembe, akapasua, tukahesabu. Tukahesabu tena.

"Vinne," nikasema.

"Vinne," akakubali, kwa huzuni.

"Basi mwaona," Mama akasema, "vitabu vyote viwili vyasema uongo. Nipeni kifuniko changu."

Hatukumpa. Tulitia moyo ule kwenye kopo la siagi, tukaunyunyizia chumvi, na Niwaeli akakumbuka jambo: ofisini kwa mkuu wa shule kulikuwa na kabati, na ndani ya kabati kulikuwa na vitabu vya kiada vipya, tuliviona dirishani vikishushwa. Havikuwahi kutoka.

Mkuu wetu, Mwalimu Mhando, alikuwa mtu wa Historia, mrefu, mwenye kukunja uso hata anapofurahi. Tulimkuta akisaini makaratasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kopo la nini hilo linanuka?"

Niwaeli akasukumwa na mimi, mimi nikasukumwa na Niwaeli, mwisho nikaeleza: pamfleti ya bluu, pamfleti ya kijani, kolekole. Nikaomba tuazimwe kitabu cha kabatini, tukiangalie hapo hapo mbele yake.

"Vitabu vile vikichanika anayeulizwa ni mimi," akasema. "Mkaguzi akija anavitaka vikiwa vizima."

"Hatutavichana, mwalimu."

"Wote husema hivyo."

Nadhani yangeishia hapo kama asingefungua kopo. Alilifungua, nafikiri, ili aone kama kweli au tunamtania. Akainama. Akavua miwani, akaivaa tena. Akatwaa kalamu yake akaugeuza moyo kwa kifuniko cha kalamu.

"Hivi moyo wa samaki ndivyo ulivyo?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya mkuu wa shule.

Akatoa ufunguo. Vitabu vilikuwa bado vimefungwa kwa nailoni. Akaichana nailoni kwa meno, akatafuta ukurasa, akasoma Kiingereza chake polepole akitufasiria. Vyumba viwili. Kimoja cha kupokea damu, kimoja cha kuisukuma.

"Lakini mwalimu," nikasema, "mbona tumeona vinne?"

Akasoma mbele zaidi, kidole juu ya mstari. Kile kijifuko chembamba cha nyuma ni pa kukusanyikia damu kabla haijaingia. Kile kinundu cheupe cha mbele ni pa kutokea. Havihesabiwi.

"Kwa nini visihesabiwe wakati vipo?" Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa naongea na nani.

Akajibu Niwaeli. "Mtu akikuuliza nyumba yenu ina vyumba vingapi, wahesabu na baraza?"

Nikataka kumwambia kwamba kwetu wakati wa joto barazani ndiko tunakolala, lakini Mwalimu Mhando alikwisha kuanza kucheka, na hatukuwahi kumsikia akicheka, ikabidi tunyamaze tusikilize.

Vitabu vikatoka kabatini. Vikapangwa kwenye meza ya darasa letu, na sharti moja likaandikwa ubaoni kwa mwandiko wa mkuu mwenyewe: hakuna kuvigusa bila kunawa mikono, hasa Mwanahamisi, yaani mimi, na Niwaeli. Pamfleti hatukuzitupa. Tuliziunganisha, tukawa tunachukua maswali ya bluu na ya kijani, majibu tunayafunika kwa karatasi, tunayatafuta wenyewe kwenye kitabu kikubwa, kile nilichokizungusha mikononi Mabawa nikakirudisha. Kazi ilikuwa ndefu. Wenzetu wengine walichoka wakarudi kukariri. Sisi tulinogewa.

Na Mama naye akaanza mchezo wake. Alipokuwa akituletea samaki wa kukaanga, chini ya kopo la chakula sasa kulikuwa na kifurushi cha pili kwenye jani la mgomba. Siku moja jicho. Siku nyingine shavu zima na matamvua yake mekundu yaliyopangika kama kitana. Siku nyingine kibofu cha hewa cheupe, akakibonyeza mbele yetu kikalia. "Na hiki ni nini?" akawa anauliza. "Hiki ni cha kazi gani?" Tukamtafutia, tukamsomea, akasikiliza na beseni lake kichwani, kisha akaenda zake. Niliona ni namna yake ya kutusaidia. Nilishukuru, na wakati mwingine, mbele za wenzangu, niliona haya kidogo kwa ajili ya ile harufu.

Mtihani ukaja. Moyo wa samaki haukuulizwa. Tulitoka nje ya chumba tukatazamana na Niwaeli, tukashikwa na kicheko hadi msimamizi akatufukuza. Lakini tulifaulu wote wawili. Niwaeli alikwenda kidato cha tano huko milimani, mimi nikapata chuo cha maabara hapa mjini, na shangazi wa Mkwaja hadi leo ananilaumu kwamba nilimkimbia.

Lakini ninalotaka kuwaambia hasa ni la siku iliyofuata baada ya mtihani. Nilikuwa nimelala mkekani, sitaki kuona kitabu. Mama akaja na bakuli. Ndani mlikuwa na vijiwe viwili vyeupe, vigumu, vinang'aa kama meno ya mtoto.

"Vimetoka kichwani mwa samaki changu," akasema. "Ni nini?"

"Mama, mtihani umekwisha."

"Najua umekwisha. Mie nauliza hivi ni nini. Tangu nianze kukaanga samaki nakutana navyo."

Niliamka nikatafuta. Ya bluu haikuwa navyo. Nikamwendea Niwaeli, ya kijani haikuwa navyo. Nikamwambia Mama sijui, akavifunga kwenye pindo la kanga akarudi jikoni, na mimi nikarudi kulala.

Miaka ikapita. Chuoni siku moja, rafiki yangu aliyesomea uvuvi alinieleza kwamba vijiwe vile hukaa ndani ya masikio ya samaki. Ndivyo vinavyomfanya asikie, na ajue juu ni wapi na chini ni wapi. Hapo ndipo nilipoelewa mambo ya jikoni kwetu. Mama hakuwa akitusaidia sisi kujisomea. Alikuwa ameishi na maswali yake miaka na miaka, mikono ikiwa ndani ya samaki kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba swali la namna hiyo linaweza kuulizwa kwa sauti. Alipotuona tunauliza, naye akaanza.

Nikampigia simu papo hapo, nikamweleza. Nyuma yake nikasikia mafuta yakichemka.

"Kumbe wanasikia," akasema. Kisha, "Haya. Na pweza je?"

Nikamwambia pweza sijui, nitamtafutia.