Goti la Mkamwana

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilirudi nyumbani Karagwe ndani ya gari la chuo, nikiwa msaidizi wa mhadhiri wetu wa tiba ya viungo. Alikuwa akitafiti jinsi watu waliovunjika miguu wanavyopona vijijini, mbali na hospitali. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri Kinyambo na kushika kipimo cha kuonyesha goti linakunjika kiasi gani. Nilikuwa nimemaliza shahada juzijuzi na nilibishia kila kitu. Mhadhiri alinitania kwamba hata nikikaribishwa ndizi, nitauliza kwanza kwa nini si viazi.

Vipimo aliviandaa mjini: mtu ainuke kitini, atembee, apande ngazi. Nilimuuliza ngazi ziko wapi katika kijiji kama Mabira. Alicheka, akaamua tutumie vipandio vya kanisa, na kweli watu wazima wakapanda na kushuka pale huku wanakwaya wakiwachungulia mlangoni.

Mama mmoja wa familia ya wafugaji alipanda vizuri kuliko wengi. Ng'ombe alikuwa amemwangukia wakimnywesha dawa, mfupa ukavunjika juu kidogo ya goti. Mfupa uliunga, lakini goti lilikunjika kiasi cha kukalia kiti tu, basi. Mhadhiri akasema huyu amepona. Nilipomtafsiria, yule mama akasema tangu aumie hajaenda kumwamkia mama mkwe wake.

Kwetu mkamwana haamkii mama mkwe akiwa wima. Hupiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akabaki vile mpaka aambiwe inuka. Mama mkwe mwenyewe alikuwa kikongwe, tena mgonjwa, ng'ambo ya kilima tu. Maziwa alipelekewa kila asubuhi. Mpelekaji alikuwa mtu mwingine.

Nilimshauri aende amwamkie amesimama, kwa kuwa heshima iko moyoni na goti ni goti tu.

"Mwanangu," akasema, "wewe ukisimama watasema umesoma. Mimi nikisimama watasema nimemchoka mama yao."

Nilimwomba mhadhiri aongeze kupiga magoti katika vipimo vyake. Alikataa. Watu wa Igurwa na Nyaishozi walikwisha kupimwa bila hilo, na vipimo havibadilishwi katikati ya safari. Kwa kanuni za utafiti alikuwa na haki, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuwa mtu mbaya. Alimlaza yule mama kifudifudi, akamwonyesha kuvuta mguu taratibu kwa kipande cha kanga. Akaonya kwamba goti lililokakamaa hivyo linataka miezi.

Jioni nilipanda kilima kwenda kwa yule bibi, mama mkwe wake. Nilimkuta amelala karibu na moto. Nilimweleza, akaniagiza:

"Mwambie aje hata kwa kutambaa. Nataka uso wake, magoti ya nini?"

Nilishuka mbio, nikijua nimeshinda. Mkamwana alinisikiliza huku akivuta kanga yake.

"Anasema hivyo kwa sababu ni mwema," akajibu. "Ndiyo maana siwezi kumwendea nusunusu."

Tukaondoka. Chuoni, mhadhiri alipowasomea wenzake matokeo, yule mama alikuwa miongoni mwa waliopona. Nilinyoosha mkono nikauliza, amepona afanye nini? Watu walicheka, mmoja akasema wa Karagwe ameanza tena.

Likizo iliyofuata nilifika Mabira wakati wa kuvuna maharage. Bibi alikuwa amefariki jana yake. Goti la mkamwana lilikuwa limelainika, bado kidogo tu. Tulipomaliza kuzika, pale pale migombani, alisogea kaburini. Akashusha goti lile zima, mguu uliovunjika akaunyoosha pembeni juu ya udongo mbichi, akaamkia. Hakuna aliyeguna wala kumtazama vibaya. Namna ile ile ingewezekana tangu siku ya vipandio vya kanisa.

Alibaki chini muda mrefu. Niliona mguu ukimtetemeka, nikainama nimshike mkono.

"Niache," akasema. "Zamani, kabla sijafika hata chini, alikuwa ameshaniambia inuka. Leo ataniambia nani?"

Niliuachia mkono wake. Wanawake waliokuwa nyuma yetu waliendelea kungoja, na mimi nikangoja nao.