Mfuniko wa Saa ya Vitufe Viwili

Mwanamke yule alitoka Nyasubi, Kahama, asubuhi, akafika kibandani kwangu sokoni Shinyanga mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Tuone."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na saa ya mkono ya zamani, ya kujaza ufunguo, yenye vitufe viwili ubavuni vya kuanzisha na kusimamisha kipima muda. Namba zake, ambazo zamani ziling'aa gizani, zilikuwa zimegeuka rangi ya tumbaku. Nina maringo na kazi yangu, kwa hiyo nikamweleza bila kuulizwa kwamba rangi ile huniambia saa ilitoka kiwandani kabla sijazaliwa.

"Umri naujua," akanikata. "Baba mkwe aliinunua akifanya kazi mgodini Mwadui. Nataka kujua kama ni hiyo hiyo."

Mumewe aliirithi. Alikuwa ameivaa siku duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipowabomokea yeye na wenzake huko Geita. Mwili haukupatikana, wakazika nguo zake, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Wiki iliyopita aliiona saa mkononi mwa muuza mitumba, akainunua. Kanisani ndoa yake mpya ilikuwa imetangazwa Jumapili mbili. Ilibaki moja, na mwenye kujua kizuizi hutakiwa aseme.

"Kama waliitoa kwa maiti, Mungu amrehemu. Ila nijue."

Alikuja na kadi ya dhamana ya saa iliyoachwa na mkwewe. Namba ya kwenye kadi na ya mgongoni mwa saa zililingana. Hapo nikagundua kwamba kidole gumba changu kilikuwa kimeshakwenda penyewe kwenye pengo la mfuniko, na pengo lile halionekani kwa macho; hulijua tu aliyewahi kuufungua.

Mafundi tuna desturi ya kukwaruza ndani ya mfuniko alama yetu, mwezi na mwaka wa matengenezo. Mlikuwa na alama tatu. Mbili zilikuwa za watu nisiowajua, zimefifia. Ya tatu ilikuwa yangu.

Mwaka nilioandika ulikuwa wa pili baada ya mazishi ya zile nguo.

Nilitamani kufunga nisiseme kitu. Lakini alikuwa ananitazama usoni, nikamwonyesha.

"Nani aliileta?"

Nikajikamua akili. Nilikumbuka udongo mwekundu niliousafisha ndani yake. Uso haukuja kabisa. Ilikuja sauti tu, nyuma ya sikio langu, kana kwamba mwenyewe amesimama pale pale.

"Mwanamume. Alisema niishike taratibu, ni ya baba yake."

Akaitazama alama tena. Nje bajaji zilikuwa zikipiga honi.

"Kutoka hapa hadi kwangu ni basi moja tu, fundi."

"Najua, mama."

"Futa hiyo alama."

Fundi anayefuta tarehe mimi humwita mwizi, na nimewahi kumfukuza mmoja kwa kosa hilo. Nikamtazama mama yule, nikachukua kipatasi, nikaanza na mwaka. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, naye akaivaa saa mkononi mwake akaondoka bila kuaga.

Jumapili ya tangazo la tatu, saa ya misa, nilikaa nyumbani nimeufungua mlango, nikisubiri mtu apige hodi aniulize ninachokijua.