Sauti Iliyohamia Kulia

Yasunori Kuzuhara alipika chakula cha watoto wa shule maisha yake yote ya kazi, katika jiko kuu la mji wa Takasaki, Japani, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Mvuke, vyuma, feni, wapishi wanaoitana kwa mayowe. Akirudi nyumbani hakutaka kusikia hata redio. Ndiyo maana alipostaafu na kutangaza kwamba anataka mashine ya kuchezea diski, tena ya daraja la juu kabisa, mkewe Chizuko alidhani anatania.

Wala hakutania. Mashine ililetwa na watu wawili, nzito kama gunia la mchele, na Chizuko akaelezwa sifa zake mpaka akazijua zote, apende asipende. Inacheza diski za kila aina, za picha na za muziki mtupu. Umeme wa sauti una njia yake na wa picha una yake, visije vikachafuana. Trei inatoka na kurudi bila mlio. Tena kuna kitufe ukikibonyeza inazima picha na hata taa zake za mbele, ili nguvu yote iende kwenye muziki.

"Hapo sasa," Yasunori alisema, amefumba macho, "unamsikia mtu anameza mate kabla ya kuimba."

"Na mimi nikimeza mate huku jikoni, unanisikia?"

"Wewe huna spika, Mama Sayaka."

Alikuwa na raha zake, na Chizuko alifurahi kumwona hivyo. Diski aliyoipenda kuliko zote ni ya tamasha la mwanamke mmoja mwimbaji wa nyimbo za huzuni. Amesimama katikati ya televisheni, na sauti inatoka pale pale mdomoni mwake, ingawa spika zenyewe ziko pembeni, moja kushoto na moja kulia. Jambo hilo Yasunori angeweza kukueleza mpaka chai yako ipoe.

Asubuhi moja ya Novemba sauti ikahama. Mwimbaji yuko katikati, sauti iko kulia, karibu na kabati la vyombo. Yasunori alichomoa nyaya zote akazichomeka upya, akabadilisha spika, ya huku ikaenda kule. Sauti ikabaki kabatini. Chakula cha mchana hakukigusa. Chizuko alisimama mlangoni akasikiliza. Kwake yeye mwimbaji alikuwa anaimba katikati vilevile kama jana.

Hapo akaunganisha mambo. Tangu jana yake alikuwa amemwona mumewe akihamisha simu kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia. Na dada yake Chizuko aliwahi kuamka sikio moja limeziba ghafla. Alikimbizwa hospitali siku ile ile, akapewa dawa, likafunguka. Daktari aliwaambia ugonjwa huo hausubiri mtu. Dawa inafaa siku za mwanzo. Ukichelewa, sikio limekwenda.

"Baba Sayaka, twende ukaonyeshe hilo sikio."

"Sikio limefanya nini? Mashine ndiyo mbovu upande mmoja. Jiko likizimika, unampeleka mpishi hospitali?"

Ukaidi wa mtu yule, Mungu anisamehe, ungetosha kuendeshea jiko lote la shule. Aliingia kwenye mipangilio ya mashine akaongeza nguvu ya upande wa kushoto, akaongeza tena, mpaka mwimbaji wake akarudi katikati. Jumapili binti yao Sayaka alikuja kuwasalimia.

"Baba, mbona muziki wote umerundikana huku kushoto?"

"Masikio yenu mmeyamaliza kwa simu."

"Mama, unamsikia?"

"Namsikia. Yeye ndiye hasikii," Chizuko alisema, na hakuna aliyecheka.

Fundi wa duka alikuja katikati ya wiki. Aliitwa Nunokawa, kijana nadhifu, soksi nyeupe, sauti ya chini. Chizuko alimpokea mlangoni. "Fundi, nakuomba kitu kimoja. Ukikuta mashine ni nzima, mwambie ni nzima. Mimi hanisikilizi." Nunokawa aliinama kwa heshima.

Alirudisha mipangilio kama ilivyokuwa, akasikiliza wimbo mzima, kisha akausikiliza tena akiwa amekaa kwenye kiti cha Yasunori.

"Umeona? Kulia tupu," Yasunori alisema.

Kijana aliinuka kitini. "Mzee Kuzuhara ana sikio kali sana," alisema. "Kuna kitu kidogo. Naomba niichukue tukaichunguze karakana."

Yasunori alimgeukia mkewe uso umenawiri kwa ushindi. Naye Chizuko, hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, alishusha pumzi. Alijiambia labda mtaalamu anasikia kitu asichokisikia yeye. Wiki ikapita, ikaja nyingine, mashine iko karakana, na neno hospitali halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Yasunori alishika ukuta akiinuka kitandani. Sikio lilikuwa linamvuma kama sufuria linalochemka, lakini hilo hakumwambia mtu.

Nunokawa alipoirudisha mashine, imesafishwa inang'aa, mwimbaji aliimba kutoka kabatini. Yasunori alikaa akamtazama mdomo unavyocheza. Hakubisha tena. Chizuko alimfuata Nunokawa hadi getini.

"Nini kilikuwa kibovu?"

"Mama, naomba radhi."

"Sikuombi radhi. Nakuuliza."

Nunokawa alitazama viatu vyake. "Hakuna. Ilikuwa nzima tangu siku ile."

"Ulijua?"

"Ni mteja wetu, Mama. Ningemwambiaje mzee wa watu kwamba hasikii, ndani ya nyumba yake, mbele ya mke wake?"

Chizuko alitaka kumzaba kofi. Badala yake aliinama, kama inavyopasa, na kijana akaondoka.

Hospitali, daktari aliuliza yameanza lini. Yasunori alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni kabla mashine haijapelekwa karakana. Daktari aliweka kalamu chini. Dawa angewapa, alisema, lakini asingewadanganya: mngekuja wakati ule tungezungumza mengine.

Nje kulikuwa na baridi. Walisimama kituoni wakisubiri basi, Chizuko upande wake wa kushoto, alipozoea kusimama tangu walipooana.

"Yule kijana Nunokawa," Yasunori alisema. "Ana adabu, yule. Alihangaika na mashine yangu wiki zote zile wakati mimi ndiye mbovu. Mwisho wa mwaka tumpelekee zawadi. Sanduku la matufaha."

Chizuko alihisi machozi yanampanda kwa hasira. "Alijua," alisema. "Alijua tangu siku ya kwanza, akanyamaza."

Yasunori aliendelea kutazama pale basi litakapotokea. Baada ya muda akahisi kitu, akageuza uso wake wote kumtazama mkewe.

"Ulisema?"

Alikuwa amezeeka ndani ya mwezi mmoja, na alikuwa anajitahidi kutabasamu.

"Nimesema matufaha yanafaa," Chizuko alijibu kwa sauti kubwa, kisha akamzunguka akaenda kusimama kulia kwake.