Limi, Mgika wa Kwenye Kompyuta

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Limi alipika uji wa mtama akauunguza. Akamlaumu mumewe, Maganga.

"Wewe ndiye uliyenitazama, Baba Ndaki. Ndiyo maana umeungua."

Maganga akanywa. Akasema mtamu. Limi akacheka mpaka akashika ubavu, maana yeye mwenyewe alikuwa ameutema. Kisha akakaa, vidole vikigonga meza: kushoto, kulia, juu, chini. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi vidole vile huamka kabla yake.

Jumatatu aliugua. Ijumaa wakamzika.

Hayo yatosha. Maganga hapendi kuyarudia. Akiulizwa habari za mkewe husimulia za kompyuta, na watu huondoka kwenye kibanda chake cha baiskeli pale Ngokolo wamesahau hata walichokuja kuziba.

Limi hakuingia darasani hata siku moja. Ujanani aliuza ugali machimboni huko Geita. Walipohamia Shinyanga mjini akawa anapeleka maziwa nyumbani kwa Girish, mfanyabiashara wa pamba. Mke wa Girish ni Varsha. Watoto wake walikuwa shule ya bweni na mchana ulimwia mrefu, basi akamkaribisha Limi mezani, akamwonyesha mchezo uliokuwa kwenye kompyuta ya mumewe. Kijitu cha njano kinachimba ardhi, kinaokota dhahabu, na mawe yaliyo juu yake yanaporomoka.

Varsha alikuwa hodari. Lakini Limi alikuwa ameyaona maduara ya kweli, yale mashimo wanamoshuka wachimbaji kwa kamba. Alijua kwamba jiwe likitikisika hukimbii mbele, unakimbia pembeni. Mwezi wa pili akampita mwalimu wake. Kompyuta ikauliza jina la mshindi. Varsha akamshika kidole, wakabonyeza herufi nne.

Hapo ndipo yalipoanza. Jina la Limi halikuwa limeandikwa sawasawa popote. Hata kwenye kadi ya kliniki walimwandika Justa, na hakuna aliyejua Justa ni nani. Sasa lilikaa juu ya orodha, na la Varsha chini yake. Akamkokota Maganga aje aone. Maganga hajui kusoma, lakini aliliona: mguu uliopinda, kigingi, vilima viwili, kigingi tena. Akaliweka kichwani.

Wasukuma tuna kambi mbili za ngoma, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno hupambana uwanja mmoja, kila kambi na kejeli zake na dawa zake. Limi alizaliwa Mgika. Basi Varsha, Mhindi wa watu, akatangazwa Mgalu bila kuulizwa. Hakukataa. Alijifunza hata kejeli.

Mwaka wa tisini na saba kompyuta ile ikafa. Girish akaleta nyingine kutoka Mwanza, yenye mfumo mpya, rangi tele, na mshale unaokimbizana na mkono. Mchezo ulikuwa umebaki kwenye diski moja, pamoja na orodha yake. Girish akaiingiza, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ikaandika maneno, ikarudi ilikotoka.

"Inasemaje?" Limi akauliza.

"Inasema nafasi haitoshi."

"Mayo! Kamtu kenyewe kadogo hivi, kanataka nafasi ya ng'ombe wangapi?"

"Mama Ndaki, mchezo huu wa zamani. Mashine hii ya sasa. Havielewani."

"Mimi ni wa zamani, na wewe si tunaelewana?"

Girish akasema atahangaika nao mpaka Jumamosi. Mchezo ukigoma, diski ataifuta aweke barua zake za pamba. Njia nzima ya kurudi Limi hakusema neno, na Maganga aliyekuja kumchukua akaingiwa na hofu. Miaka thelathini ya ndoa, kimya cha namna ile hakuwahi kukisikia.

Mlangoni akasema, "Wakilifuta jina langu, nitakuwa nimeandikwa wapi?"

Maganga akamchotea maji ya kunawa.

Jumamosi walikaa wanne mbele ya meza. Maganga alikuja na tambara la grisi begani, maana alivutwa kutoka kazini mbio. Girish alikuwa amempigia simu fundi wa Mwanza, na fundi alimwambia: usiuanzishe ndani ya mfumo mpya. Nenda pale unapoizimia mashine, chagua iwake upya kwa mfumo wa zamani.

Girish akachagua. Rangi zote zikapotea. Skrini nyeusi, herufi nyeupe.

"Umeiua," Varsha akasema.

"Subiri, mwanamke."

Akaandika neno, akagonga. Muziki ukalia, ti-ti-ti-tii! Limi akaruka kutoka kitini.

"Kumbe mzee yumo humo ndani! Alikuwa amelala tu!"

Akakaa, akaanza kucheza. Akafa. Akaanza. Akafa. Mashine mpya ilikuwa na mbio za ajabu. Mawe yalifika chini kidole kikiwa bado njiani.

"Huyu anakufa kabla hajazaliwa!" akalia. Kisha akamgeukia Varsha polepole. "Mama Hemal."

"Nini tena?"

"Umenifanyia dawa."

"Mimi? Dawa nitoe wapi, mimi ninayeuziwa mchanga wakiniambia bizari?"

"Wagalu ndivyo mlivyo. Mkishindwa kucheza mnaharibu uwanja."

Na kabla mtu hajamshika, akafungua pindo la kitenge, akatoa unga mweusi ambao Wagika wa kwao hujipaka kabla ya kuingia ngomani. Akaupaka usoni mwa kompyuta, juu hadi chini, kama anayepaka mgonjwa.

Girish akapiga ukelele. "Mashine yangu! Mzee Maganga, mzuie mkeo!"

Maganga hakuwahi kumzuia Limi kwa lolote, na hakuona sababu ya kuanza siku ile. Alishika tambara akafuta. Grisi ikapanda juu ya dawa. Akakazana. Kidole gumba kikazama kwenye kitufe kidogo, jirani na kile cha kuwashia. Tki. Taa moja ndogo ikazimika.

Kwenye skrini, kijitu kilichokuwa kikijichezea chenyewe kikingoja mtu kikapunguza mbio, kikaanza kutembea kama binadamu.

Limi akapiga vigelegele. "Dawa imekubali!"

"Siyo dawa! Mzee, umebonyeza nini hapo?"

Maganga ni fundi baiskeli. Akabonyeza tena. Kijitu kikatoka mbio kama panya. Akabonyeza tena. Kikatulia.

"Breki," akasema. Neno hilo tu, siku nzima.

"Haya, na nani aliyemwonyesha breki ilipo?" Limi akauliza. "Bila dawa angefuta nini?"

Girish akagonga kitufe kingine.

Orodha ikatokea. Mguu uliopinda, kigingi, vilima viwili, kigingi, vyote mahali pake. Limi akaugusa mguu kwa kidole. Kisha akasogeza kiti na kucheza kama aliyepandwa na kichaa, huku akiimba, Varsha akimpiga kiwiko, Girish akipiga makofi kwa kusahau pamba yake yote. Alipokufa, mashine ikauliza jina tena. Safari hii hakushikwa mkono. Sasa Limi wakawa wawili kileleni, na Varsha wa tatu.

"Huu siyo uungwana!" Varsha akapiga meza. "Mtu mmoja, viti viwili!"

Maganga bado huenda kule kila Jumamosi. Hupewa chai yenye tangawizi nyingi. Mstari mmoja wa dawa umebaki usoni mwa mashine, na Girish amekataza usifutwe. Varsha hubonyeza breki kwanza, kisha huchimba, na hufia chini ya jiwe lile lile. Kila akifa huyarudia aliyoambiwa siku ile ya viti viwili, kwa sauti ya Limi kabisa, na Maganga hucheka mpaka ashike ubavu:

"Usihangaike kupanda, Mama Hemal. Hapo chini yangu kuna kivuli."