Kiti cha Mbele cha Pijo

Mlabani nzima wanajua: ukitaka kiti chako cha bodaboda kikae kama cha mkurugenzi, mpelekee Fundi Asma. Jina lake ni Asmahani, ana miaka arobaini na saba, na cherehani lake limeshona karibu kila kitu kinachokaliwa hapa Ifakara. Makochi ya maharusi, viti vya Noah, magodoro ya gesti, viti vya saluni, vyote vimepita mikononi mwake. Wazee wake walitoka Kilwa na biashara ya vitambaa, yeye akazaliwa hapa hapa. Kazi yake haijawahi kurudishwa hata mara moja. Hilo alilisema mwenyewe kwa kila mteja, tena bila kuulizwa.

Sasa tusidanganyane, mwanamke huyu alikuwa na wivu. Tena si wivu wa kununa siku moja ukaisha. Ulikuwa umehamia kifuani mwake na mizigo yake yote tangu miaka minne iliyopita, pale mumewe Muhidin, mwenye duka la vipuri vya magari, alipooa mke wa pili. Huyo mke ni Firdausi, miaka ishirini na tisa, akapangiwa nyumba Lumemo. Siku tatu huku, siku tatu kule, ya saba mume anajigawa anavyojua. Asmahani alikubali mbele ya wazee, akapika pilau la harusi kwa mkono wake, akampokea mwenzake kwa tabasamu lililomuumiza mashavu. Halafu akaingia chumbani, akafunga mlango, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Kitu kimoja tu alikuwa hajagawana na mtu, nacho ni Pijo. Lilikuwa gari, Pijo 404 la marehemu baba mkwe, lenye gia kwenye usukani na kiti cha mbele kimoja kirefu, kinachoanzia mlango huu na kuishia mlango ule. Ndilo lililomchukua siku ya ndoa yake: Muhidin kwenye usukani, yeye katikati, bega kwa bega na mumewe, mama mkwe dirishani akipungia watu mkono. Baadaye injini ilikufa, gari likasukumwa nyuma ya nyumba, likakaa huko miaka kumi na tano, kuku wakitagia ndani.

Mwaka huu Muhidin akalifufua. Injini ikaitika, bodi ikapigwa rangi upya, ikabaki ndani tu, ambako panya na kuku walikuwa wameacha machuma na vumbi. Mdogo wake Muhidin, Haruni, alikuwa anaoa huko Sanje, na Muhidin aliapa kwamba ataingia Sanje na Pijo la baba yao.

"Mama Nasma," alimwambia mkewe, kwa jina la binti yao aliye kazini Morogoro, "ndani ni kazi yako. Simpi fundi mwingine."

Asmahani alifurahi mpaka akasahau kuuliza lini. Furaha hiyo iliishi dakika tano. Muhidin alitoa simu amwonyeshe rekzini, ngozi bandia ya viti, aliyoagiza Dar es Salaam, nyekundu iliyoiva, na kwenye picha kipande cha sampuli kilikuwa kimeshikwa na vidole vyembamba vyenye hina.

"Rangi amechagua nani?"

"Tulikuwa tunaangalia tu pale, Firdausi akasema nyekundu inapendeza."

"Mlikuwa mnaangalia." Asmahani alimrudishia simu. "Na siku ya harusi nani atakaa mbele?"

Muhidin aliinama akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. "Hayo mtapanga wenyewe. Mimi dereva tu."

Huyo ndiye Muhidin. Dukani anaweza kukuuzia klachi ya Fuso wewe mwenye Kanta, ukaondoka unamshukuru. Ila ukimweka katikati ya wake zake wawili, ulimi unaganda.

Mzigo ulifika kwa basi: rekzini, kitambaa cha dari, paneli za milango, vibanio na mipira ya kuzuia vumbi. Asmahani alifanya kazi asubuhi asubuhi, maana jua la Ifakara likishapanda, gundi inakauka kabla hujanyoosha kitambaa. Alifungua mikono ya kupandishia vioo, akabandua hadibodi za zamani za milangoni zilizooza kwa unyevu, akapachika paneli mpya kibanio kwa kibanio, akipiga kwa kiganja mpaka kila kimoja kilie. Dari alilivuta kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu, halikubaki na kunjo hata moja. Alikuwa na hasira na alikuwa na raha, vyote kwa pamoja, na kazi ilitoka safi ajabu.

Siku ya nne, alipoanza kiti, Firdausi akapita kutoka sokoni.

"Shikamoo, dada."

Shikamoo ile ilimchoma kila siku. Ilikuwa ya adabu kabisa, na kila ikitoka ilimwongezea miaka kumi. "Marahaba. Karibu."

Firdausi alichungulia ndani, akasifia dari, akasifia milango. Kisha akaweka mkono kwenye kiti cha mbele, upande wa dirisha. "Hapa pazuri, dada. Mimi nikikaa nyuma kwenye safari natapika." Akaaga, akaenda zake na mkungu wake wa ndizi.

Huenda alikuwa anaongea tu. Lakini Asmahani alimsikia kama mtu anayejikabidhi hati ya kiwanja. Alisimama pale na mkasi mkononi, roho ikimuuma waziwazi, akiliona Pijo linaingia Sanje, mashemeji wanapiga vigelegele, na dirishani kuna sura changa yenye wanja.

Basi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Kiti kina taratibu yake: chini springi, juu yake gunia zito la kuzifunika, halafu sponji ngumu, ndiyo kava. Upande wa dereva na katikati alifuata taratibu hiyo yote. Upande wa dirisha hakuweka gunia, na badala ya sponji mpya akajaza vipande vilivyobaki kwenye makochi ya watu. Ukikaa dakika mbili hujui kitu. Ukikaa saa nzima, springi zinakuja kukusalimia moja moja. Akavuta kava juu yake, na mishono ikanyooka. Kwa macho, kiti kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Lumemo. Muhidin alikuja kulichukua gari, akalizunguka mara tatu, akampa mkewe mkono kama anavyowapa wateja wakubwa. Kisha akaondoka nalo. Asmahani alilitazama mpaka lilipokata kona.

Ijumaa Firdausi alipiga simu. "Dada, jana nimekalia kile kiti mpaka Kiberege kumwona mama na kurudi. Wewe una mkono, dada. Una mkono kweli."

Hakulalamika mgongo wala nyonga. Asmahani alikata simu akiwa hajaelewa. Labda binti ana nyama za ujana, alijiambia. Sanje ni mbali, Sanje itamfunza.

Jumamosi ya harusi, saa mbili asubuhi, Pijo likasimama mbele ya nyumba ya Mlabani, limeng'aa, Firdausi yuko mbele dirishani, wanja na yote. Majirani walikuwa wametoka kuangalia. Asmahani alishika boksi la keki ya harusi kifuani, akawa anahema kwa pua ili watu wasimwone. Ndipo Firdausi akafungua mlango, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma.

"Bi mkubwa akae mbele," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na barabara nzima. "Ndiyo heshima. Mimi nitakaa nyuma."

"Si unatapika wewe?" Asmahani aliuliza.

"Nimemeza dawa, dada."

Balbina, jirani wa mlango wa pili, alipiga makofi mawili ya taratibu. "Asma, umepata mwenza mwenye adabu. Wengine hatuna hata wifi wa hivyo."

Angefanya nini? Alichokitaka kwa moyo wake wote kilikuwa kimefunguliwa mlango mbele ya watu. Akaingia. Alitaka kusogea katikati, lakini Muhidin alishalipokea boksi la keki na kuliweka pale pale, penye gunia na sponji mpya, lisitikisike.

Mpaka Kibaoni hali ilikuwa nzuri. Kufika Kiberege, kwenye matuta, springi ya kwanza ikamgusa paja. Tuta la pili ikaja nyingine, chini ya nyonga. Walipofika Kisawasawa, springi zilikuwa zimefika zote. Asmahani alikaa wima, akawapungia watoto wa shule, akatabasamu, na jasho likamteremka ndani ya baibui.

Muhidin alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, uso umefunguka kuliko Asmahani alivyowahi kuuona kwa miaka. "Mama Nasma," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuwa naomba Mungu mpange hivihivi. Niliogopa kusema mwenyewe. Gari hili nikiliona, nakuona wewe hapo."

Miaka minne alikuwa anayasubiri maneno hayo. Sasa yamekuja, na yeye hakuweza hata kumgeukia mumewe, maana akigeuka kiuno kinachomwa na springi. Machozi yalimlenga. Muhidin aliyaona, akafikiri ni ya furaha, akamshika mkono juu ya boksi la keki.

Kabla ya matuta ya Mang'ula, kitu laini kilimgusa bega kutoka nyuma. Ilikuwa khanga iliyokunjwa. Firdausi alikuwa ameinama mbele, mdomo karibu na sikio lake, na injini ile ya zamani ikimfichia maneno.

"Weka hapo chini, dada. Mimi siku ile ya Kiberege nilikalia begi langu."

Asmahani hakugeuka. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na wivu ukaikuta njiani, maana khanga ilinukia udi uleule ambao kwa miaka minne umekuwa ukirudi nyumbani kwake na mashati ya Muhidin. Tuta lilikuwa limeshaonekana. Akaipokea, akaikunja mara mbili zaidi, akainuka kidogo na kuiweka chini yake, kisha akaikalia kwa uzito wake wote.