Pipa Mlangoni kwa Mpangaji

Bibi yangu alikuwa mwanamke mbaya. Naanza na hilo kabisa, maana amekwisha kufa, na watu wana tabia ya kuwaosha marehemu mpaka wanang'aa. Alinilea, alinisomesha, aliniuguza surua, na alikuwa mbaya. Hayo yote yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Alikuwa na nyumba Shinyanga mjini, kwenye mtaa uliobanana hasa, paa la huyu linamwagia maji ukutani kwa yule. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma. Vyumba vya nyuma tulilala sisi, vya mbele alipangisha, isipokuwa cha kushoto, ambacho kilikuwa ukumbi wetu. Alijihesabu mtu wa mjini, wa ukoo uliotoka pwani ukapitia Ujiji na Tabora, na Wasukuma waliokuja kutoka vijijini aliwaita "hawa wa ng'ombe", hata wakiwa wamesimama mbele yake na kodi mkononi.

Mpangaji wa chumba cha mbele, upande wa kulia, alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa mjane, bado kijana, ametokea upande wa Kagongwa na binti yake mmoja, rika langu. Tulimwita Mama Fulani, kwa jina la huyo binti, na jina hilo silitaji hapa. Kila alfajiri aliwasha jiko lake barazani akakaanga vitumbua, na watu wakienda kazini walipita kununua. Vilikuwa vitamu. Bibi alisema mchele wake una mchanga, akasema hivyo huku anatafuna.

Mtaa mzima ulijua kwa nini yule mama alihangaika vile. Shemeji zake walikuwa wanamtaka mtoto. Marehemu mumewe alikuwa amemtolea ng'ombe, na kwa desturi yao ng'ombe wakishatoka, mtoto ni wa upande wa baba. Baba alipokufa, ndugu zake walisema mama arithiwe na mdogo mtu, au amwache mtoto aende zake. Yeye akambeba mwanawe akakimbilia mjini. Wakamfuata, wakaketi na balozi wetu wa nyumba kumi, na mwisho wakakubali mtoto abaki kwa mama kwa sharti moja: ale, avae, asome. Siku watakayomkuta anatangatanga, wanamchukua bila mjadala. Msiwaonee huruma. Binti akikua anaolewa, na akiolewa ng'ombe wanakuja, na ng'ombe hao walikuwa wanawahesabu tangu mtoto ananyonya.

Basi ndipo bwana afya alipotuletea mapipa.

Zamani kila nyumba ilikuwa na debe lake la taka, likijaa unalimwaga kwenye shimo uani. Lakini ua wa mtaa ule ukitandika mikeka miwili umekwisha, na mashimo yalikuwa yamefurika. Bwana afya alikuja na trekta la taka, tela nyuma, akashusha mapipa makubwa yaliyokuwa ya grisi huko machimboni upande wa Songwa, yamekatwa juu yakapakwa rangi. Kila nyumba nane zilipata mawili. Jeusi lilikuwa la majivu na maganda. Jeupe lilikuwa la makopo, chupa na vyuma, ambavyo alisema vitachukuliwa vikayeyushwe vitumike tena. Alituonya tusichanganye. Tukaitikia, ndiyo bwana afya.

Shida ilikuwa pa kuyaweka. Debe liliingia uani, lakini pipa lile halikupita mlango wowote wa mtaa ule, kwa hiyo lazima likae nje, mbele ya nyumba ya mtu. Hapo ndipo majirani zangu walipoonyesha dini zao. Mwalimu wa madrasa alisema kwake watoto wanasoma Kurani. Fundi cherehani alisema vitambaa vya watu vitanuka. Mwenye duka la kona alikunja tu mikono ya shati. Wakabishana mpaka dereva wa trekta akazima injini.

Bibi akasema wayaweke kwake. Watu wakashangaa, nami nikashangaa, maana bibi hakuwahi kumpa mtu hata chumvi bila kumsimanga. Akanyoosha kidole upande wa kulia, pale pale palipokuwa na jiko la vitumbua.

"Wekeni hapo," alisema. "Huyo hana mume wa kukasirika."

Wanaume wakacheka kwa nafuu, wakayabingirisha. Mama Fulani alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake. Alisogeza jiko.

Kuchanganya, tulichanganya siku ile ile. Majivu, maganda ya ndizi, utumbo wa samaki, nguo za mtoto aliyeharisha, vyote vikaenda kwenye pipa lililo karibu na mkono. Trekta lilirudi mara moja, kisha dizeli ikaadimika na hatukuliona tena kwa kipindi kirefu. Nzi walikuja. Mama Fulani alifunika vitumbua kwa kitambaa cheupe, akakifua kila siku, lakini wateja walianza kuvuka barabara wakiwa wameziba pua, na wale waliokuwa wakimsalimia waliacha hata kusalimia, wasije wakalazimika kununua. Ikafika mahali anakaanga, anakula na mwanawe, vingine anawapa ombaomba. Kodi ikachelewa. Bibi aliidai barazani, saa watu wanatoka msikitini, kwa sauti ya kuulizia hali ya mgonjwa.

Mwingine angelia. Huyu alikunja mikono ya gauni. Akaanza kuchambua yale mapipa mwenyewe, kopo kwa kopo, ganda kwa ganda, akamwagia majivu juu ya uozo mpaka nzi wakapungua. Kisha akapata akili ambayo hakuna mwenye nyumba aliyeipata. Fundi bati wa sokoni alikuwa anatafuta makopo ya kutengenezea koroboi, na mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa taa ya kila mtu. Hospitalini nako, enzi hizo, ukiandikiwa dawa ya maji unaambiwa uje na chupa yako. Akawa anapeleka makopo kwa fundi, na chupa anazichemsha, anazisugua kwa majivu na maji ya moto, anakwenda kuziuza kwenye lango la hospitali zikiwa safi kuliko vikombe vyetu.

Pipa lenyewe lilikuwa refu. Ilibidi apande juu ya jiwe, ainame mpaka kichwa na mabega vinapotea ndani, imebaki miguu na ukingo wa khanga. Mtaa ukampa jina, Mama Pipa, na aliyelitunga ni bibi. Watoto walimwimbia. Yeye aliibuka na kopo mkononi, akatuchekea, akasema "wabeja", yaani ahsante kwa kwao. Binti yake akanunuliwa viatu vya shule, vyeusi, vya kufunga kamba. Mimi nilikuwa na kandambili.

Bibi aliviona vile viatu. Kesho yake alimwita Mama Fulani ukumbini akamwambia kwamba pipa jeupe liko mbele ya nyumba yake yeye bibi, kwa hiyo ni haki lihamie upande wa kushoto, dirishani kwetu, na jeusi libaki lilipo. Mama Fulani alipiga magoti kama alivyozoea kuzungumza na wakubwa.

"Mama," alisema, "lilipokuwa na nzi lilikuwa langu."

Bibi hakujibu. Mimi nilimjua, nikaogopa. Alikuwa mtu wa kusema, na asiposema ujue kuna kitu anakipika. Siku ile ile tulikwenda kwenye ginari ambako malori ya pamba yalikuwa yanashusha, akamtafuta dereva wa njia ya Kagongwa, akamtuma kwa wale shemeji. Awaambie waje kutazama mtoto wao analishwa nini. Alisema taratibu, kwa heshima, kama anayetuma salamu za Idi, na mimi nimemshikia mkoba.

Nilimchukia pale pale. Hata sasa, nikienda kumzuru kaburini, nasoma dua yangu na bado namchukia.

Walikuja Jumamosi asubuhi, kaka mtu na mdogo mtu, na lori walilopanda likawasubiri kona pale dukani. Mama Fulani alikuwa ndani ya pipa jeusi, miguu juu ya jiwe. Hakuna aliyemwambia. Wanaume walisimama nyuma yake, na watu wa mtaa wakatoka vibarazani kutazama, wengine wameshika vikombe vyao vya chai. Alipoibuka alikuwa na uji wa maganda mpaka kwenye viwiko. Akawaona. Akapiga magoti pale pale vumbini, akaamkia shikamoo.

Kaka mtu hakuitikia marahaba. Aliuliza, "Mtoto wa ndugu yetu analishwa kwa mikono hiyo?"

Balozi akaitwa, akaja akipiga miayo. Mama Fulani akajitetea vizuri, bila kupaza sauti. Akaonyesha viatu, akaonyesha madaftari ya shule, akamsimamisha binti yake mbele yao, kanenepa, nywele zimesukwa. Alipoona hawageuki, akasema basi atakwenda nao, atakubali kurithiwa, wasimtenge tu na mwanawe. Yule mdogo mtu, ambaye zamani alikuwa anamtaka, alimtazama mikono na kusema yeye hachukui mke jalalani. Watu wakacheka. Nawaambia walicheka, watu wale wale waliolijaza lile pipa.

Ndipo Mama Fulani akamgeukia bibi. Mwenye nyumba ndiye shahidi, na balozi alisema neno lake litamaliza. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ushungi umetulia.

"Mimi nasema ninachokiona," alisema. "Vitumbua siku hizi hakaangi. Anaokota."

Ikawa imekwisha. Balozi akasema mtoto aende kwa baba zake. Binti akashika gauni la mama, na mama akanyoosha mikono amkumbatie, lakini kaka mtu akaingia katikati. Akasema asimpake mtoto uchafu wakati wana safari, aende akanawe kwanza. Alisema kwa upole, na mama mtu akaamini. Akakimbia kupitia koridoni hadi uani, nikasikia anachota maji mtungini.

Sabuni ilikuwa haipatikani miezi hiyo. Alijisugua kwa majivu, na nilijua atakavyojisugua, maana nilikuwa nimemwona anavyosugua zile chupa.

Lori likapiga honi. Kaka mtu akamnyanyua mtoto, na mtoto akapiga kelele kumwita mama, akatupa mateke mpaka kiatu kikataka kumvuka. Baba yake mkubwa akamwambia, wote tukisikia, "Umeona? Mama yako kaingia ndani. Hakutaki." Binti akanyamaza ghafla, akageuka kuutazama mlango wetu. Mlango ulikuwa mtupu. Wakaenda naye kona, na lori likaondoka.

Mama Fulani alitoka mikono imemwiva kwa kusuguliwa, inachuruzika maji, ameishikilia mbali na gauni lake isije ikachafuka tena. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Wakubwa wote walikuwa wamepata kitu cha kufanya. Akaniuliza mimi kama mwanawe alilia, nikamwambia ndiyo, alilia, alikuita.

"Alijua nimekwenda kunawa?"

Nikamwambia ndiyo, alijua.

"Usimdanganye mtu mzima," bibi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Mtoto kaambiwa mama yake hamtaki, akanyamaza. Ameondoka anajua hivyo."