Masale ya Mzee Elimringi

Eliaichi alisikiliza mpaka mstari wa nne, akasonya.

"Rudia hapo."

Mjukuu wake Kindness, aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu mbele ya waombolezaji, alirudia: "Marehemu alikuwa mtu wa amani, hakuwahi kuwa na ugomvi na mtu yeyote, na alipendana sana na kaka yake, Mzee Ebenezeri."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Baba, Bibi."

Baba ndiye Godwin, mtoto wa kwanza wa Eliaichi, aliyefika juzi kutoka Dar na karatasi mia mbili zilizochapwa kwa rangi, picha ya mzee juu, mawaridi pembeni. Akaitwa. Alikuja na miwani ya jua kichwani, na mama yake akamuuliza kama huko Dar wanalipwa kwa kudanganya.

"Mama, huu ni msiba," Godwin alisema kwa upole. "Msibani hatusomi ugomvi. Na Baba Mkubwa ndiye mkubwa wa ukoo. Mchungaji akimaliza, yeye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza."

"Hatupi! Labda anifukie na mimi humo humo."

Na hakuwa anatania. Mwili ungefika kutoka Moshi mjini saa sita, ibada ianze saa saba, na Eliaichi alitaka jambo moja tu: mume aliyeishi naye miaka hamsini na mmoja asizikwe na uongo, na yule mzee asiguse udongo wa kaburi lake.

Hebu tuyaseme basi, maana Godwin aliyaogopa. Elimringi alizaliwa hapa hapa Mwika, kwenye kihamba hiki hiki chenye migomba na kahawa walimokuwa wakimchimbia kaburi. Shule aliishia darasa la nne. Kupogoa kahawa aliwashinda mabwana shamba wote waliowahi kupita na madaftari yao, na kelele hakuwa nazo. Ukimtukana, anakuuliza kama umekunywa chai. Eliaichi alipokuwa na mimba ya Godwin, tumbo limemwelemea, mumewe alishuka mwenyewe tambarare kukata majani ya ng'ombe, akapanda kilima na mzigo kichwani, kazi ya wanawake, mchana kweupe. Wanaume kilabuni walicheka mpaka mbege ikawatokea puani. Kesho yake alishuka tena. Eliaichi alianza kumpenda siku hiyo. Kabla ya hapo, aseme nini, alikuwa ameolewa tu.

Mtu kama huyo ndiye aliyefanyiwa unyama na ndugu yake wa tumbo moja. Mwaka 2003 Ebenezeri, mwenye kihamba cha jirani, aling'oa masale. Masale, jamani! Mmea wa mpaka, ambao Mchagga hata alewe vipi haugusi. Jani lake ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, hata awe na hasira ya namna gani, analipokea. Ebenezeri aliyang'oa mstari mzima, akayapanda upya hatua tatu ndani ya kihamba cha mdogo wake. Migomba saba ikaenda. Na Elimringi, mwenye haki yake, ndiye aliyekata sale akaenda kuomba amani. Aliachwa amesimama mlangoni, mvua inamnyeshea, mpaka akageuka akarudi kwake. Tangu siku hiyo Eliaichi hakumsalimia shemeji yake, sokoni wala kanisani. Miaka ishirini na miwili! Hasira hiyo aliilea kama ndama, na wala hakuona haya.

"Chukua kalamu," alimwambia Kindness. "Futa hapo. Andika ninavyosema."

"Bibi jamani, Baba ataniua."

"Huyo baba yako nilimzaa mimi. Andika."

Saa saba na nusu Kindness alisimama kando ya jeneza, akasoma. Alisoma habari za kahawa, akasoma habari za majani ya ng'ombe, watu wakacheka na kulia. Kisha akasoma: "Mwaka 2003 kaka yake alimng'olea masale. Marehemu alimpelekea sale, halikupokelewa. Amekufa hajarudishiwa mpaka wake."

Godwin alijifunika uso kwa karatasi zake. Mchungaji alikohoa. Eliaichi alikaa wima, roho kwatu, amemkazia macho yule mzee wa benchi la mbele.

Ebenezeri aliinuka. Ana miaka themanini na mmoja, anatembelea fimbo. Watu walijua sasa yanakuja matusi.

"Yaliyosomwa ni kweli," alisema. "Ila hayajaisha. Shemeji, mwezi wa kwanza mwaka huu nilikata sale, nikamfuata mdogo wangu kwenye kahawa. Wewe ulikuwa umekwenda kwenye umoja wa wanawake. Alilipokea. Tulilia kama watoto. Tangu hapo, kila Jumatano ukishakwenda umojani, mimi nilikuwa navuka, tunakaa humo kwenye kahawa tunaongea."

"Mwongo!" Eliaichi alifoka, ameshasimama. "Kama ni kweli, mbona masale hujayarudisha?"

"Nilitaka. Alinikataza. Aliniambia, 'Ukiyarudisha, Eliaichi ataniuliza, na yule mwanamke mimi siwezi kumdanganya. Akisikia jina lako tu chakula hakimpiti. Tumwache kwanza.'"

Eliaichi aliketi. Ebenezeri hakuwa na akili ya kutunga maneno hayo. Ni ya Elimringi, mpaka mwendo wake. Akakumbuka kwamba Jumatano zote hizo alimkuta mumewe mchangamfu, anaimba imba, anaomba chai ya pili, na yeye alimshukuru Mungu akidhani ni dawa za presha zimemkubali. Kumbe mtu wake alikuwa na furaha yake ya mwisho, na akaificha nyumbani kwake mwenyewe, kwa kumwogopa mkewe. Hilo lilimuuma kuliko migomba yote saba.

Jeneza liliteremshwa. Mchungaji alitupa udongo wake, kisha akabaki na koleo mkononi, hajui ampe nani. Eliaichi alimnyang'anya, akamsogelea Ebenezeri mbele ya watu wote, akamwekea mkononi.

"Asante, Shemeji," mzee alisema, machozi yanamtoka.

"Usiniite Shemeji. Nina hasira na wewe, na huyu aliyelala humu nina hasira naye zaidi. Tupa udongo." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Halafu Jumatano uje uniambie alikuwa anasema nini."